Swichi za Jiko la Dada Yangu

Niseme mapema ili tusidanganyane: mimi na Wendell, mtoto wa dada yangu, hatujapatana sawasawa mpaka leo, na wala sina haraka. Mtu anayeingia jikoni kwa mama yake mzazi, akang'oa swichi za jiko la gesi moja baada ya nyingine, vile vidude vya kuzungusha unapotaka kuwasha moto, akazitia kwenye mfuko wa nailoni na kuondoka nazo kama mwizi wa kuku, huyo asitegemee mimi nimpigie makofi.

Dada yangu anaitwa Ozella. Ana miaka sabini na tisa, mimi ndiye ninayemfuata, na nyumba zetu zinatazamana, barabara tu katikati, hapa hapa Brunswick tulipozaliwa. Mumewe Amos alitangulia mbele ya haki zamani, akamwachia nyumba, bustani, na mwiko mrefu kama kasia aliouchonga kwa mikono yake. Ozella anaishi peke yake na anapenda iwe hivyo. Analima sukuma wiki, anafuga kuku wachache, na Jumapili anaimba kanisani kwa sauti ambayo tungemwomba aipunguze kama tungekuwa na ujasiri. Hamsumbui mtu.

Wendell anaishi Charlotte, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, ana cheo chake kwenye kampuni ya bima. Mwezi wa kumi alikuja bila kutoa taarifa. Akaingia jikoni, akakuta sufuria ya kuku inachemka na mama yake hayupo. Hakuna kilichoungua. Hakuna moshi. Kuku alikuwa ndani ya maji tele, moto mdogo, mambo shwari. Mimi na Ozella tulikuwa nyuma ya nyumba tunachuma mboga, mimi nimeshika kikapu, tukamwona anatoka mbio kana kwamba nyumba inateketea.

"Mama! Umeacha jiko linawaka!"

"Sasa kuku ataivaje?" Ozella akamuuliza.

"Lakini hukuwepo jikoni!"

"Niko hapa, si unaniona? Ulitaka nikae nimtazame? Kwani ataruka atoroke?"

Mimi nilicheka mpaka kikapu kikanitoka. Wendell hakucheka. Kumbe alikuwa na lake moyoni tangu kiangazi, mama yake alipomwita kwa jina la marehemu baba yake mara mbili kwa siku moja. Jamani! Mimi watoto wangu nawaita majina ya kaka zao, ya wajomba zao na ya mbwa kabla sijafika kwenye jina lenyewe, na mama yetu alikuwa hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kutung'olea swichi.

Usiku ule ule akazing'oa. Asubuhi Ozella alipoamka kuchemsha kahawa, akakuta jiko lina matundu tu, kama kinywa cha bibi kizee. Mezani Wendell alikuwa amemwekea maikrowevu mpya na maboksi ya chakula cha kupasha moto, kila boksi lina picha ya kuku anayependeza kuliko kuku aliyemo.

"Ni kwa usalama wako, Mama," akamwambia.

"Usalama wangu kutoka kwa nani?"

Wendell akambusu shavuni, akapanda gari, akarudi Charlotte na swichi za watu.

Ngoja niseme kilichoniuma hasa. Si chakula cha maboksi, maana Ozella alivuka barabara akala kwangu kila siku, na kila siku akanisahihisha chumvi. Kilichoniuma ni kwamba habari zilifika kanisani. Wanawake wazima, watu tuliosoma nao, wakaanza kuongea naye polepole na kwa sauti ya juu, kama unavyomsemesha mtoto anayejifunza kutembea. "OZELLA, MPENZI, UNAJUA LEO NI JUMAPILI?" Asijue ni Jumapili, na yuko kanisani kavaa kofia! Na yeye, dada yangu ambaye hakuwahi kuogopa mtu, akaanza kujitilia shaka. Tukitoka, anarudi kuangalia mlango. Tukifika barabarani ananiuliza, "Vashti, nimefunga?" Nilimwona akifunga kwa macho yangu mawili. Hakuwa hivyo kabla ya zile swichi.

Sasa, kila mwezi wa kumi na moja, bustani ikishakwisha, Ozella hupika mchuzi uani kwake, mbele ya baraza, kwa ajili ya watu wa kanisa letu wasioweza kutoka nyumbani, wazee na wagonjwa. Huo ndio mchuzi wetu wa Brunswick, na wale wa jimbo la Georgia wanaosema ulianzia kwao waendelee kuota. Hupikwa kwenye sufuria ya chuma ya bibi yetu, ile ambayo mtoto anaweza kuoga ndani yake, juu ya moto wa kuni, kutwa nzima. Wendell akampigia simu Shemasi Pettiway kumwambia mwaka huu mama asipike, hali yake hairuhusu. Shemasi, ambaye amekuwa akichanja kuni za mchuzi ule tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akaja kumweleza Ozella huku ameinamisha kichwa.

"Mwambie sufuria ya uani haina swichi," Ozella akasema. "Akitaka, aje ang'oe moto."

Nilimpenda sana siku ile.

Jumamosi ikafika, baridi nzuri, jua limechomoza. Moto ukawashwa mapema. Kuku wakaingia na kipande cha nguruwe cha chumvi, wakachemka mpaka nyama ikaachana na mifupa yenyewe. Zamani za baba yetu wangekuwa kindi, na Shemasi Pettiway kila mwaka lazima aseme mchuzi wa kuku ni mchuzi wa watu wavivu wa kulenga shabaha. Tukatoa mifupa. Tukatia vitunguu, viazi, nyanya za chupa tulizohifadhi kiangazi, maharage ya fiwi, pilipili, kitonge cha siagi. Ozella alikuwa anazunguka ile sufuria kama jenerali. Anaonja, anafikiri, anatia sukari kidogo, anaonja tena. Mtu yeyote ambaye angemtazama asubuhi ile akasema huyu akili zimemtoka, basi yeye ndiye apimwe.

Mahindi huingia mwisho kabisa. Yana hila zake: yakishaingia, mchuzi unakuwa mzito, yanazama, na ukiyaacha kidogo tu yanashika chini, na mchuzi ukishashika chini umekwisha, harufu ya kuungua hupanda mpaka juu na hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo sheria ya uani pale ni moja. Mahindi yakishaingia, aliyeshika mwiko hauweki chini, hauegemezi popote, hauachii kabisa mpaka mkono wa mtu mwingine uushike. Tumelelewa na sheria hiyo. Wendell mwenyewe, akiwa bado mdogo, Amos alimpa mwiko akamsahau kidogo, na mtoto akajikojolea pale pale miguuni kuliko kuuachia. Tulimsifu mwaka mzima.

Wendell akaja saa hizo hizo mahindi yanasubiri kwenye beseni. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akasalimia watu vizuri, siwezi kumnyima hilo, halafu akanivuta pembeni.

"Mama mdogo, nimepata mahali pazuri Charlotte. Jumatatu nampeleka."

"Unampeleka nani?"

"Mama. Ni kituo cha wazee, kisafi, wauguzi wapo mchana na usiku. Na chumba chake kina dirisha."

"Hata jela ina madirisha, Wendell."

"Mama mdogo, usiwe hivyo. Siku nyumba ikiungua naye yumo ndani, utaniambia nini?"

"Nitakuambia nini? Nitakuambia hiyo nyumba imesimama tangu hujazaliwa, na aliyewahi kuiunguza ni wewe, ulipochoma pazia kwa fataki!"

Akaniacha, akamwendea mama yake mbele za watu wote. Hata hakungoja awe peke yake. "Mama, umekunywa dawa ya presha? Umekula? Jumatatu tunasafiri wote, sawa? Usibebe vitu vingi. Chumba chako kule kina dirisha." Sauti ile ile ya kanisani, polepole na kwa nguvu. Shemasi Pettiway akageuka kutazama kuni zake. Mimi damu ilinichemka kuliko sufuria.

Ozella akabeba beseni, akamimina mahindi yote, akakoroga mizunguko kadhaa, halafu akamnyooshea mwanawe mwiko.

"Shika."

Akashika. Mkono wake uliupokea kabla kichwa chake hakijaamua, nilimwona. Akasimama pale na viatu vyake, akaanza kukoroga.

"Wendell," Shemasi akamwambia, "unakoroga mchuzi au unampapasa paka? Fika chini, kijana!"

Watu wakacheka, na hata Wendell akatabasamu. Nikadhani, haya, labda moto na mvuke vitamrudishia utu. Ozella akaenda barazani kupanga vyombo vya kugawia, anaandika majina ya wazee kwenye vipande vya karatasi ya gundi na kubandika. Shemasi akazunguka nyuma ya nyumba kuleta kuni za mwisho. Mimi nikaingia jikoni kuosha miiko midogo, na mbele yangu lile jiko lenye matundu linanitazama.

Nilikuwa bado naosha nilipomsikia Ozella ananiita, na sauti haikuwa yake.

"Vashti! Vashti, mwiko uko wapi?"

Nikatoka na mikono ya sabuni. Dada yangu amesimama kando ya sufuria, mikono mitupu. Mchuzi unatokota kwa uzito, puh, puh, na hakuna anayekoroga. Mwiko haupo. Wendell hayupo. Na ile harufu, ile yenyewe, imeshaanza kunyanyuka.

"Alikuwa nao Wendell," nikamwambia.

"Najua nilimpa. Lakini alipita hapa barazani, akasema kitu, sikukisikia vizuri, nikamwitikia tu 'haya.' Labda alinirudishia. Vashti, alinirudishia?"

"Mimi nilikuwa ndani, dada."

"Basi nimeuweka wapi?"

Shemasi alishatupa kuni alizobeba na kuanza kuvuta nyingine kutoka motoni kwa mikono. Nikakimbilia kijiko kikubwa cha jikoni, nikajaribu kukoroga, hakikufika hata nusu ya sufuria, nikaunguza vidole. Niliponyanyua kichwa, Ozella hakuwepo pale. Anautafuta mwiko. Alichungulia chini ya meza. Akaangalia nyuma ya mlango. Akaenda bandani kwa kuku, akarudi, akaingia ndani ya nyumba, nami nikamfuata, nikamkuta amefungua friza, anapekua katikati ya mifuko ya samaki. Mwiko ule ni mrefu kuliko friza lenyewe. Na yeye anapekua, machozi yanamtoka, anasema, "Ni kweli anachosema, Vashti. Ni kweli anachosema yule mtoto. Nimeuweka wapi, nimeuweka wapi?"

Sijawahi kuwa na hasira kama zile maishani, na nimezika mume mlevi. Mtu amekaa na akili yake timamu miaka sabini na tisa, halafu mwanawe wa kumzaa anakuja na mfuko wa nailoni anamwachia woga badala yake. Nikafunga lile friza kwa kishindo. Nikamshika mkono, nikamtoa nje.

Ndipo tukamwona.

Wendell alikuwa anatokea nyuma ya gari la kanisa, lililoegeshwa kule barabarani, anatembea taratibu, simu sikioni mkono wa kulia. Mkono wa kushoto umeshika mwiko. Ameuweka begani kama askari na bunduki yake, na mchuzi umemchuruzika mgongoni mwa lile shati jeupe mpaka kiunoni. Alifundishwa asiuachie mpaka mkono mwingine uushike, na hakuuachia. Simu ilipolia, akaondoka nao.

Na tulisikia alichokuwa anamwambia mwanamke wa kile kituo cha wazee, maana naye akiongea na simu anapaza sauti. "Ndiyo, mama, Jumatatu tutafika. Hapana, si mkorofi, ni kusahau tu. Anaacha vitu motoni, anaondoka. Eeh. Akili yake haipo pale anapofanya kitu, ndiyo hatari yake." Halafu harufu ikamfika puani. Akaweka simu kando ya mdomo, akapiga kelele, "Mama! Mchuzi unaungua! Nilikwambia uangalie sufuria! Mnaona? Ndiyo haya ninayosema kila siku!"

Kuku tu ndio walikuwa wanaongea bandani kwao.

"Wendell," Shemasi Pettiway akasema kwa upole, mikono yake myeusi kwa masizi, "hicho ulichobeba begani ni nini?"

Akageuza shingo, akautazama. Niliona uso ukimbadilika kidogo kidogo.

"Nyani haoni kundule," nikasema, na sikusema kwa kunong'ona.

Lakini mimi nilikuwa namtazama dada yangu. Kitu cha kwanza kilichompanda usoni hakikuwa hasira. Ilikuwa nafuu. Alivuta pumzi kama mtu aliyepewa majibu mazuri hospitali, akasema chini chini, "Kumbe sikuupoteza mimi." Nafuu ile ndiyo ambayo sijamsamehe Wendell. Dada yangu alikuwa tayari ameshakubali, pale mbele ya friza, kwamba yeye si mtu tena.

Hasira ikaja baadaye, na ilipokuja ilikuja imenyooka. Ozella akashuka ngazi za baraza, akamfikia mwanawe, akaupokea mwiko kwa mkono mmoja kama sheria inavyotaka. Kwa mkono wa pili akachukua simu.

"Haloo, mama," akasema. "Mimi ndiye Ozella, yule mgonjwa. Nashukuru, hujambo? Sasa sikiliza, hapa kumekuwa na mabadiliko kidogo. Mgonjwa mwenyewe ni mwanamume. Ana miaka hamsini na mbili. Mwili mzima, meno yote anayo, ila ukimwachia sufuria anaondoka anaiacha motoni, na mwiko anaubeba. Halafu analaumu wengine. Eeh. Nimeambiwa chumba kina dirisha? Vizuri sana, atapenda. Nitakujulisha."

Akamrudishia simu. Shemasi Pettiway alikuwa amejiinamia juu ya kuni, mabega yanatikisika. Mimi sikucheka. Nilitaka, lakini hasira ilikuwa bado imekaa kwenye kiti cha mbele.

"Mama," Wendell akaanza, "mimi nilikuwa na nia nzuri. Nilidhani..."

"Swichi zangu ziko wapi?"

"Ziko Charlotte. Kwenye droo."

"Utazifuata leo."

"Leo, Mama? Jua linazama muda si mrefu."

"Gari lako lina taa."

Ozella akaenda kwenye sufuria, akatia mwiko mpaka chini, akakwangua, akautoa na kuunusa. Kazi ya kutwa nzima. Bustani ya kiangazi kizima, nyanya, fiwi, mahindi tuliyokoboa tumekaa barazani kwake mpaka vidole vikauma. Hakukuwa na cha kuokoa. Kisha akaenda mezani, akavichukua vile vyombo vitupu vyenye majina, akavipanga kimoja juu ya kingine, akampa Wendell mikononi.

"Lakini kabla ya Charlotte utapita kwa hawa wote. Mzee Lucious amelala kitandani tangu Pasaka, na tangu wiki iliyopita anaulizia mchuzi. Bi Theodosia haoni, atakujua kwa sauti. Usiwaandikie barua, usiwapigie simu. Ingia ndani, kaa, uwaambie mwaka huu hakuna."

Wendell aliangalia yale majina. Mtu mzima, cheo chake, na kidevu kinamcheza.

"Nikiulizwa kwa nini, niwaambie nini, Mama?"

"Waambie uliacha sufuria motoni ukaenda zako," dada yangu akasema. "Na wakianza kukusemesha polepole, vumilia."